Kaimati na Loukoumades: Tonge Moja, Pwani Mbili

Kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, meza ndogo za mbao hutokeza mbele ya nyumba na kando ya njia katika miji yote ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Kilwa Masoko na Lindi. Baada ya sala ya Alasiri akina mama huteleka makarai, mafuta yakachemka, na bagia, sambusa, kachori, vitumbua na kaimati vikaanza kupangwa juu ya masinia. Mwenye saumu apitaye hapo huharakisha mwendo, kwa kuwa ile harufu ni mtihani, na adhana ya Magharibi bado.

Mbali na hapa, katika mitaa ya Athens, mji mkuu wa Ugiriki, wapo nao wauzaji wanaochota unga laini ulioumuka, wakautia katika mafuta ya moto kwa vidonge vidogo, wakavitoa vikiwa na rangi ya dhahabu na kuvimwagia asali na mdalasini. Wao hukiita chakula hicho loukoumades. Ukikiweka kando ya kaimati zetu, hata mtoto mdogo atakuambia kuwa ni kitu kimoja. Naye atakuwa amesema kweli kuliko anavyojua mwenyewe, maana hata majina ya vyakula hivyo viwili ni neno moja.

Wiki hii tumeona tuzungumze na familia zetu juu ya chakula cha mtaani cha Wagiriki na maneno yanayokizunguka, huku tukiwa tumesimama hapa petu, katika pwani ya Kilwa na kisiwa cha Songo Mnara. Hatufanyi hivyo kwa kutamani vya watu. Watoto wetu wanaviona vyakula vya kigeni katika simu na kuvitukuza, ilhali wanaona haya kufungua mkebe wenye vitumbua mbele ya wenzao shuleni. Tena wapo ndugu zetu waliohamia nchi hizo au wanaozipitia kwa ubaharia na masomo, ambao kutolijua neno moja tu kunaweza kuwaingizia haramu kinywani. Mambo hayo mawili yanatosha kuwa sababu ya kuandika.

NGANO ISIYOUZWA

Kiswahili kina majina mawili kwa watu hawa. Tunawaita Wagiriki, kwa jina lililotujia kutoka kwa Wazungu, na tunawaita Wayunani, kwa jina lililotujia kupitia Waarabu. Hilo la pili chimbuko lake ni Ionia, nchi waliyokaa Wagiriki katika pwani ya Asia, ambayo leo imo ndani ya Uturuki. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge zama za Tanganyika waliwajua Wagiriki kwa karibu, kwa kuwa baadhi ya mashamba hayo yalikuwa mali yao. Lakini kujuana kwa pwani yetu na lugha ya Kiyunani kulianza zamani zaidi ya hapo.

Katika karne ya 1 Miladia, mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kiyunani kitabu kidogo cha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hujulikana kwa jina la Periplus. Humo pwani yetu inaitwa Azania, na soko lake la mwisho linaitwa Rhapta. Jina hilo limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa kuwa mashua za wenyeji zilikuwa za mbao zilizoshonwa kwa kamba. Nasi tunafahamu kwamba mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, uliendelea kuonekana katika pwani hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Wataalamu bado wanajadiliana mahali ilipokuwa Rhapta, na baadhi yao huielekeza kwenye delta ya Rufiji, kaskazini tu mwa Kilwa.

Mwandishi yule anaorodhesha bidhaa zilizoletwa, kama mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, na bidhaa zilizochukuliwa, kama pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kisha anataja jambo linalotuhusu leo. Anasema kwamba katika baadhi ya mahali wafanyabiashara walileta pia mvinyo na ngano, si kwa ajili ya kuuza, bali kwa kuwakirimu wenyeji na kupata mapenzi yao. Hizo zilikuwa zama kabla ya Uislamu, na habari ya mvinyo tunaiacha huko huko. La kuzingatia ni kwamba katika maandishi ya kale kabisa yanayoieleza pwani yetu kwa kirefu, chakula kinatajwa kama salamu ya mgeni kwa mwenyeji.

MJI ULIOKULA NA WAGENI

Ajaye Songo Mnara hushuka Kilwa Masoko, akapanda mashua na kuelekea kusini, akiiacha Kilwa Kisiwani nyuma yake, hadi kufika kwenye mikoko inayokizunguka kisiwa. Ndani yake mna magofu ya mji uliostawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hesabu ya shirika hilo, Songo Mnara pana mabaki ya misikiti 5, jengo la kasri, na nyumba zipatazo 33 za mawe ya matumbawe, zote zikiwa ndani ya ukuta. Kuanzia mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa miongoni mwa yale yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Mji wenye misikiti mitano ndani ya ukuta mmoja ni mji wa watu waliosali pamoja, na kwa kawaida wasalio pamoja hula pamoja. Wachunguzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, wamefanya kazi huko tangu mwaka 2009, na hawakutazama kuta peke yake. Walichunguza hata udongo wa sakafu na nyua ili wajue watu walipikia wapi, walisokotea nyuzi wapi na walikaa wapi. Miongoni mwa waliyoyapata ni mamia ya sarafu za shaba za aina ya Kilwa. Upande mmoja wa sarafu hizo una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zimetungwa kwa vina. Mtu alipotoa sarafu mkononi alikuwa ametoa pamoja nayo dhikri.

Hapo tena tunakutana na Wayunani bila ya kutarajia. Neno letu fulusi, ambalo asili yake kwa Kiarabu ni sarafu ndogo ya shaba, wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye phollis, jina la sarafu ya shaba ya dola ya Rumi ya Mashariki iliyotumia Kiyunani. Dirhamu, iliyotajwa katika Surat Yusuf aya ya 20 pale nabii Yusuf alipouzwa kwa thamani duni, huhusishwa na drakhme ya Wayunani. Ratili, kipimo walichokitumia wafanyabiashara wa zamani, huhusishwa na litra. Kwa hiyo mtu wa pwani alipopima kitu na kukilipia, tayari maneno yenye asili ya mbali yalikuwa yamekaa ulimini mwake, wala hakuhisi ugeni wowote, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuwa yake.

Kuhusu chakula chenyewe tuna shahidi mashuhuri. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita katika pwani hii. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona watu wakila ndizi na samaki. Alipofika Kilwa alimkuta Sultan Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake, na akamsifu kwa unyenyekevu: alikuwa akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Msafiri aliyeziona kasri za nchi nyingi aliona jambo hilo linastahili kuandikwa. Nasi tulishike hili, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

TONGE LA KADHI

Sasa turudi kwenye kaimati. Kwa Kiarabu tonge huitwa luqma, na vijitonge vidogo huitwa luqaymat. Katika nchi za Ghuba, Oman ikiwamo, vidonge vya unga vilivyokaangwa na kutiwa utamu huitwa luqaimat hadi leo, na huko ndiko lilikochipuka jina letu kaimati. Waturuki walilichukua neno luqma wakasema lokma. Wagiriki walilipokea kwa Waturuki wakasema loukoumas kwa kimoja na loukoumades kwa vingi. Neno likatoka chimbuko moja, likashika njia mbili, moja ya kaskazini kuvuka Bahari ya Kati, na moja ya kusini pamoja na majahazi ya kaskazi.

Chakula chenyewe ni cha kale. Mwaka 1226 Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika mjini Baghdad kitabu cha mapishi, na ndani yake mna kitamutamu kiitwacho matonge ya kadhi. Wakati huo nyumba za mawe tunazoziona Songo Mnara zilikuwa hazijajengwa.

Lipo jambo jingine linalofaa kuelezwa watoto wakati wa futari. Imepokewa kwa Miqdam bin Ma'dikarib kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa mwanadamu hajapata kujaza chombo kilicho kibaya zaidi kuliko tumbo, na kwamba humtosha vijitonge vichache vya kuusimamisha mgongo wake. Na kama hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Katika mapokezi ya Ibn Majah, neno lililotumika kwa vijitonge hivyo ni hilo hilo luqaymat. Mama anapomwambia mwanawe achukue kaimati tatu awaachie na wengine, anamfundisha hadithi hiyo kwa jina lake la asili, hata kama mwenyewe hajui.

BIRIKA, FINJANI NA HABARI

Wagiriki walikuwa chini ya dola ya Uthmaniya kwa karibu miaka 400, hadi walipopigania uhuru wao kuanzia mwaka 1821. Katika muda huo mrefu Waislamu na Wakristo walinunua katika masoko yale yale na kula katika mitaa ile ile. Ndiyo maana Mswahili akiingia katika mkahawa wa Kigiriki atasikia maneno mengi ambayo hayahitaji mkalimani.

Kinywaji kinaitwa kafes, nacho ni kahawa. Chombo kidogo cha kuichemshia ni briki, nalo ni birika letu. Kikombe chake ni flitzani, nacho ni finjani. Chai kwao ni tsai. Wali wa pilau ni pilafi, bamia ni bamies, haluwa ni halvas, na simsim, yaani ufuta unaolimwa kwa wingi hapa Lindi, ni sousami. Mkate wa duara uliofunikwa kwa ufuta, uitwao koulouri, huuzwa asubuhi njiani Athens na Thessaloniki, na watu huula wakienda kazini kama sisi tulavyo chapati na maharage. Kipindi cha baridi utawakuta wachomaji wa mahindi na wa njugu kubwa za kizungu ziitwazo kastana, wameinamia jiko la makaa kama wachoma mahindi wetu.

Na watu wakikutana hapo, husalimiana kwa mzaha wa mtaani: ti hambaria? Neno hilo hutamkwa karibu sawasawa na habari, nalo ndilo hilo hilo, limetoka Kiarabu likapitia Kituruki. Maana yake ni kama kusema habari gani. Mzee wa Kilwa akaaye barazani baada ya Isha, muuza kahawa akimgongea vikombe na kashata ikiwa mkononi, angekaa na mzee wa Kigiriki na wote wawili wakaanza mazungumzo kwa neno moja.

Hata hivyo, tusidanganyike na kila kinachofanana. Wagiriki huita vyakula vidogo vidogo vya kuonja mezes, na mtu angeweza kudhani kuwa ni meza yetu. Sivyo. Meza yetu ni neno la Kireno, na lao linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya ladha.

Undugu huo wa maneno haukuwazuia watu kutengana. Mwaka 1923, baada ya vita, Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana raia kwa kigezo cha dini. Wakristo zaidi ya milioni 1 walitoka Uturuki kwenda Ugiriki, na Waislamu zaidi ya laki 3 walitoka Ugiriki kwenda Uturuki, wakiwamo Waislamu wa kisiwa cha Krete ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kigiriki. Watu waliacha nyumba, makaburi na mashamba. Walichoweza kubeba ni mapishi na maneno. Baadaye, hasa baada ya mgogoro wa Saiprasi wa mwaka 1974, Wagiriki wengi waliacha kuiita kahawa yao ya Kituruki, wakaanza kuiita ya Kigiriki. Jina lilibadilika, birika likabaki lile lile.

NYAMA IZUNGUKAYO

Chakula cha mtaani cha Kigiriki kilicho mashuhuri zaidi duniani ni cha nyama, na hapa tunaomba wazazi wenye watoto walioko Ulaya wasome kwa makini. Souvlaki ni vipande vya nyama vilivyotungwa kijitini na kuchomwa, yaani mishikaki. Athens hasa hupenda kuiita kalamaki, maana yake kijiti kidogo cha tete. Neno hilo ni ndugu wa qalam ya Kiarabu, ambayo asili yake ni tete lililochongwa, na ambayo sisi tunaiita kalamu. Kilichokuwa kwetu chombo cha elimu, kwao kimekuwa kijiti cha mshikaki. Gyros nayo ni nyama iliyorundikwa kwenye chuma kisimamacho, inayozunguka mbele ya moto na kukatwa vipande vyembamba; jina lake lina maana ya mzunguko. Shawarma ya Waarabu imeitwa hivyo kwa neno la Kituruki lenye maana hiyo hiyo ya kugeuza.

Tatizo ni kwamba Ugiriki, gyros na souvlaki za kawaida hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe. Anayeagiza bila kutaja aina ya nyama kuna uwezekano mkubwa wa kupewa hiyo. Neno la kulijua na kulikimbia ni hirino, ambalo ndilo la nguruwe. Kuku ni kotopoulo, kondoo ni arni, na ng'ombe ni moschari. Lakini kujua kuwa ni kuku hakumalizi suala la uchinjaji, wala suala la bamba moja kuchomea nyama zote mbili. Mas'ala ya vichinjwa vya Watu wa Kitabu yana maelezo yake kwa wanachuoni, nasi hatutoi fatwa katika ukurasa huu, aulizwe sheikh. Lililo jepesi ni kutafuta maduka ya Waislamu, ambayo Athens yapo, au kutosheka na koulouri, mahindi ya kuchoma na loukoumades, baada ya kuuliza zimekaangwa kwa mafuta gani.

Inafaa pia kufahamu hali ya ndugu zetu huko. Athens, mji wenye Waislamu wengi, haukuwa na msikiti rasmi katika zama hizi mpaka ulipofunguliwa mmoja mwezi Novemba 2020. Kabla ya hapo waumini walisali katika kumbi za kukodi na vyumba vya chini ya majengo. Kijana aliyetoka katika pwani yenye magofu ya misikiti mitano ndani ya ukuta mmoja alifika katika mji usio na hata mmoja. Katika hali kama hiyo, jina la chakula alilofundishwa na mama yake ni miongoni mwa vitu vichache vinavyomshika mkono.

DAFTARI LA MAMA MUUZAJI

Tumebakiza neno moja, nalo ndilo lililotusukuma zaidi kuandika. Wagiriki wa kale waliita ngozi iliyotengenezwa kwa kuandikia diphthera. Neno likaingia katika Kiarabu likawa daftar, na kwa njia hiyo likatufikia sisi likawa daftari. Waturuki walilichukua kwa Waarabu, kisha Wagiriki wakalipokea tena kutoka kwa Waturuki kwa sura ya tefteri, bila ya kutambua kuwa ni mtoto wao aliyerudi kutoka safari. Na tefteri kwao lina maana mahususi: ni kile kitabu cha muuza duka kinachoandikwa madeni ya wateja wa mtaani.

Ndugu msomaji, daftari hilo unalijua. Liko chini ya sinia la vitumbua, limekunjamana, limeloa mafuta. Ndani yake yameandikwa majina ya watu wa mtaa, na mbele ya kila jina, kiasi kidogo kidogo: chai na maandazi, chapati mbili, samaki wa kukaanga. Kwa mdaiwa ni fedha ndogo ya kusahaulika. Kwa mama yule ndiyo mtaji wenyewe, ndiyo unga wa kesho, mafuta ya kesho na daftari jingine la mtoto wake shuleni. Akiwa na wadaiwa kumi wanaobadili njia ili wasipite mbele ya karai lake, biashara yake inakufa, na hakuna atakayeandika kuwa imeuawa na majirani zake.

Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhuluma. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hakuna palipoelezwa kwamba deni la vitumbua limesamehewa kwa udogo wake. Wapo wanaotoa sadaka kubwa hadharani siku ya Ijumaa, nao wamo katika daftari la mama mjane tangu mwezi uliopita. Sultani wa Kilwa alisifiwa kwa kula pamoja na mafakiri. Sisi tunakula kwa mikono ya mafakiri, kisha hatuwalipi.

Lipo na la pili. Watoto wetu wakifundishwa kuwa chakula cha kando ya njia ni cha watu duni, watamdharau na anayekipika. Wagiriki hawakuvionea haya vidonge vyao vya unga. Leo wageni wanasafiri kutoka mbali kwenda kuvila, na wanarudi makwao wakilitaja jina lake. Kijana wetu anayelijua neno loukoumades kutoka kwenye simu na asiyejua kuwa kaimati ni neno lile lile, amenyang'anywa kilicho chake kisha akauziwa. Mzazi anaweza kulirekebisha hilo kwa dakika chache, jioni moja, karai likiwa motoni.

KAIMATI ZA NYUMBANI

Kwa hiyo tunamalizia kwa mapishi yenyewe, ili maneno yasibaki maneno.

Chukua unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo sana, na mtindi vijiko 2 vya chakula. Tia tui jepesi la uvuguvugu, kiasi cha kikombe 1, kidogo kidogo, huku ukipiga kwa mkono mpaka upate mchanganyiko mzito, laini na wenye kuvutika. Funika uache uumuke kwa muda wa saa 1 au zaidi kidogo. Chemsha mafuta mengi kwa moto wa wastani. Lowesha vidole kwa maji, chota unga kwa vidonge vidogo na uviangushe katika mafuta, ukivigeuza mara kwa mara mpaka viive pande zote na kuwa rangi ya dhahabu. Usitumie moto mkali, kwani vitaungua nje na kubaki vibichi ndani.

Kwa shira, chemsha sukari kikombe 1 na nusu kwa maji robo tatu ya kikombe, hiliki iliyotwangwa na matone ya ndimu, mpaka inate ukiipima baina ya vidole viwili. Mimina kaimati ndani yake uzipepete mpaka shira izishike na kukauka juu yake. Anayependa kuonja njia ya Wagiriki aache shira, amwagie asali na mdalasini, kisha anyunyize ufuta wa Lindi uliokaangwa.

Ukishazipanga kwenye sahani, mtume mtoto azipeleke kwa jirani kabla ya adhana. Mpe na fedha ya yule mama wa kona, amkabidhi mkononi, na amsubiri mpaka alifute jina lenu katika daftari. Tunamuomba Allah azitakabali saumu zetu, azibariki riziki za wanaotulisha, na atufishe hali ya kuwa hatudaiwi. Amin.